Shoti Haiandikwi Kwenye P3

Jumapili iliyopita mpwa wangu, aliye mwaka wa tatu katika chuo kikuu kimoja hapa Nairobi, aliweka simu mezani kati ya sahani ya chapati na bakuli la ndengu, akaniambia, "Anti, hebu tazama hii." Ilikuwa video ya zamani, picha yenyewe ya kutikisika, ya wanafunzi waliojaa maktabani huko Marekani. Mwenye kupigwa shoti ya stima haonekani vizuri, anasikika tu. Anapiga mayowe. Polisi wanamwamuru asimame. Anapiga mayowe tena. Nilimwomba aizime.

"Lakini Anti, si hiyo ni afadhali?" akasema. "Huyo aliamka kesho yake. Wetu wanapigwa risasi."

Nimekaa na swali hilo wiki nzima, maana si la kijinga. Anayeuliza ni msichana aliyekuwa barabarani kwenye maandamano ya Juni 2024, na anawajua kwa majina watu ambao hawakurudi nyumbani. Tena si yeye pekee. Kila maandamano yakiisha na maiti zikihesabiwa, hapakosi mtu wa kusema kwamba polisi wetu wangenunuliwa bunduki za stima wangeacha kuua. Mimi nakataa, na nitajaribu kueleza kwa nini bila kumtukana mtu.

Kwanza hiyo video. Ni ya tarehe 14 Novemba 2006, katika maktaba ya Powell ya Chuo Kikuu cha California kule Los Angeles, kile wanachokiita UCLA. Maktaba ile ilikuwa na kanuni kwamba baada ya saa tano usiku anayebaki ndani sharti aonyeshe kadi ya chuo. Kijana mmoja, Mmarekani wa asili ya Iran, akakataa kuonyesha yake kwa sababu aliona amechaguliwa kwa ajili ya sura yake. Polisi wa chuo wakaitwa (wenzetu wana polisi kamili wa chuo, wenye pingu na bastola, si soja wa geti kama wetu). Walipomshika mkono akapiga kelele waachane naye, akajilegeza sakafuni. Wakampiga shoti. Wakamwambia simama. Hakusimama, wakampiga nyingine, na wanafunzi wenzake wakiwa wamewazunguka wakidai majina na namba za kazi za maafisa hao. Baadaye chuo kililipa dola 220,000 kumaliza kesi.

Yote hayo kwa kadi ya maktaba.

Nami niliwahi kusahau kadi. Nikiwa mwaka wa pili, mlangoni mwa maktaba alikaa mzee mmoja mwenye koti la kijani na daftari la kurasa mia mbili. Nilimwambia kadi iko hosteli na kesho nina mtihani. Akanitazama kama mtu anayepima gunia la mahindi. "Mwanangu, hiyo hadithi umeisikia wapi?" Tukabishana. Nikapandisha sauti, nakiri. Yeye hakupandisha. Mwishowe akaniandika jina, namba ya usajili na chumba, akachukua mwavuli wangu ukawa rehani, nikaingia. Ilimchukua dakika kama kumi na hakufurahi hata moja ya hizo kumi. Sisemi alikuwa mtu mwema kupita kiasi. Kuna siku aliwarudisha wenzangu wakilia. Ila kiunoni alikuwa na rungu tu, na kumpiga msichana rungu maktabani ni jambo ambalo lingeonekana, lingevimba, lingemfikia mkuu wa wanafunzi kabla ya chakula cha jioni. Kwa hiyo alibaki na mdomo wake, na akautumia.

Sasa nieleze kifaa chenyewe, kwa sababu wengi wanaokitetea wanadhani ni dawa ya usingizi. Kilibuniwa na Jack Cover, mwanasayansi wa Marekani, miaka ya 1970, na kinachojulikana zaidi ni Taser. Kina matumizi mawili. La kwanza ni kurusha: vishale viwili vyenye nyaya vinatoka, vinanasa kwenye nguo au ngozi ya mtu aliye mita kadhaa mbele, na misuli yake inakazana asiweze hata kukunja kidole. Kubonyeza mara moja ni sekunde 5. Wauzaji hupenda kutaja volti 50,000, namba ya kutisha, ingawa mkondo wenyewe ni mdogo sana, ndiyo maana wengi hawafi. Tumizi la pili ndilo la maktabani: unaacha vishale, unamgandamiza mtu na mdomo wa kifaa ubavuni au mgongoni. Hapo mwili haukazwi wote. Ni maumivu matupu, yanayotolewa ili mtu atii. Sisi kitu cha namna hiyo tuna jina lake tangu zamani, tunakiita kiboko, na mwaka 2001 tulikipiga marufuku shuleni.

Shoti naijua, si ya polisi lakini ya bafuni. Aliyekaa hosteli za kupanga Nairobi atanielewa. Ile shawa ya plastiki inayopasha maji papo hapo, fundi ameifunga bila waya wa athi, ule wa kupeleka stima ardhini, unaoga umevaa patipati na mfereji unaufunga kwa kitambaa. Asubuhi moja nilisahau kitambaa. Sikuanguka, na hilo ndilo lililonishangaza: nilisimama wima mkono ukiwa si wangu, meno yamebanana, maji yanamwagika, kichwani nikijua kabisa ninachotaka kufanya na mwili ukinipuuza. Labda ni sekunde moja. Nilipojinasua nilikaa kwenye ndoo nikitetemeka. Kisha nikavaa, nikashuka kwa keateka, msimamizi wa jengo, kulalamika. Alikuwa anakunywa chai. Akasikiliza mpaka mwisho, halafu akasema, "Pole. Kwani umeumia wapi? Nionyeshe."

Nikatazama kiganja. Hakikuwa na kitu.

Shawa haikutengenezwa hadi muhula ukaisha.

Ukiniuliza kwa nini sitaki bunduki za stima kwenye vyuo vyetu, jibu langu ni huyo keateka. Hebu tufuate njia ambayo mwanafunzi aliyepigwa na polisi hupitia hapa kwetu. Anaenda kituoni, kwa polisi walewale, anaandikisha kwenye OB, daftari la matukio la kituo. Akibahatika anapewa fomu ya P3, anaipeleka hospitali ya serikali. Daktari anajaza: majeraha yako wapi, yana umri wa saa ngapi au siku ngapi, silaha iliyotumika inaelekea kuwa ya aina gani, na mwisho kiwango cha madhara. Fomu ile imetungwa kwa ajili ya panga, rungu, ngumi na risasi. Inataka mwili uliofunguka au kuvimba. Mtu aliyegandamizwa shoti ubavuni mara tatu ataonyesha alama ndogo nyekundu, akichelewa siku chache hata hizo zimefifia. Daktari mwaminifu ataandika nini?

Tena tazama sheria ya polisi ya mwaka 2011. Jedwali lake la sita, wengi hawajalisoma, ni zuri mno: linamtaka afisa ajaribu kwanza njia zisizo za nguvu, na nguvu zitumike tu pale njia hizo zinaposhindwa. Linataka pia matumizi ya nguvu yaliyosababisha kifo au jeraha baya yaripotiwe mara moja kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia mienendo ya polisi. Kifo au jeraha baya. Basi ukitengeneza silaha ambayo mara nyingi haiui wala haivunji mfupa, umetengeneza silaha isiyofika IPOA. Inabaki kati ya afisa na mtu aliyelala sakafuni, na sisi wengine tunaambiwa hakuna aliyeumia. Katiba, Kifungu cha 29, inakataza mateso ya mwili na ya akili pia, najua. Lakini mateso mahakamani yanahitaji kuthibitishwa, na huku kwetu uthibitisho huanza na ile karatasi.

Pale UCLA waliokuwa na uthibitisho walikuwa wenye simu. Bila wao ingekuwa ripoti ya kurasa mbili kwamba mhusika alikataa kutoka.

Najua nitaambiwa kifaa kina kumbukumbu ndani, kwamba kinahifadhi tarehe na saa ya kila shoti. Kweli, vingi hufanya hivyo. Lakini hata risasi za polisi wetu hutiwa saini zinapotolewa ghalani, na bado tumezika vijana ambao hadi leo hakuna anayesema risasi ilitoka bunduki ya nani. Daftari zuri mikononi mwa mtu asiyetaka kulisoma ni karatasi ya kufungia njugu.

Halafu kuna hili la "badala ya". Watu husema bunduki ya stima badala ya risasi. Nairobi hakuna silaha iliyowahi kuja badala ya nyingine. Gesi ya machozi ililetwa iwe njia ya upole, na tarehe 19 Januari 2015 ikarushiwa watoto wa Shule ya Msingi ya Lang'ata Road waliokuwa wakidai uwanja wao wa kuchezea. Marungu nayo: Septemba 2017 polisi waliingia Chuo Kikuu cha Nairobi, wakawatandika wanafunzi hadi ndani ya madarasa na mabweni, siku chache baadaye chuo kikafungwa. Na risasi ya mpira? Tarehe 17 Juni 2025, mchana, katikati ya jiji, kijana aliyekuwa akiuza barakoa alipigwa kichwani na afisa aliyesimama karibu naye kabisa. Alifariki kabla ya mwezi kwisha. Sote tuliiona video hiyo. Bunduki iliyompiga ilikuwa ya kundi linaloitwa silaha zisizoua. Kila kifaa kipya kilipoingia, vya zamani vilibaki palepale mkandani, na AK-47 ikabaki begani.

Nje pia yako mambo ya kutufunza. Oktoba 2007, uwanja wa ndege wa Vancouver, Kanada, msafiri kutoka Poland alipotea humo kwa saa nyingi, hajui Kiingereza, hakuna aliyemletea mkalimani. Akaanza kurusha vitu. Polisi wanne walifika, na muda mfupi sana baadaye wakampiga kwa Taser. Akafa palepale. Tume iliyochunguza ilisema haikustahili kutumika. Mkalimani mmoja angemaliza jambo lile, lakini mkalimani anatafutwa, anasubiriwa, na kitufe kiko kidoleni.

Hapo ndipo mimi na mpwa wangu tunapoachana. Yeye anaweka bunduki ya stima mahali pa risasi, mimi naiona ikikaa mahali pa yule mzee wa daftari. Askari anayejua kwamba akipiga ataua, au atavunja mtu mkono na kesho kuwa gazetini, ana sababu ya kufikiri, hata kama wengi wao hawafikiri. Umpe kitu cha sekunde 5 kisichoacha damu, atakitumia kwa kadi ya maktaba. Atakitumia kwenye foleni ya chakula. Kwenye kamukunji, mkutano wa hadhara wa makomredi wanaolalamikia karo, atakitumia kabla spika haijaunganishwa.

Nilipomwambia hayo Jumapili hii, alinisikiliza akimenya chungwa. "Kwa hiyo unataka wabaki na bunduki?"

Nikamwambia la, nataka bunduki iondoke kwenye maandamano na vyuoni kwanza, irudi ghalani, halafu ndipo tukae kuzungumza kuhusu stima. Mpaka hapo sinunui kitu. Akacheka, akasema serikali haitanisubiri mimi, na hapo sikuwa na jibu.

Kisha akapandisha mkono wa sweta, akanionyesha kovu juu kidogo ya kiwiko, refu kama kidole gumba. Rungu, la mwaka ule wa maandamano. Nilikuwa sijaliona. "Hili angalau liliandikwa," akasema. "Nina P3, Anti. Imejazwa yote, na muhuri."

Nikamuuliza kesi imefika wapi. Akashusha mkono wa sweta, akaendelea na chungwa lake.