Chai Imelala Shimanzi, Buli Limejaa Vifuko

Mwezi wa Agosti nilishuka Mombasa kwa treni kuwaona wazazi, nikaamua safari hii nimtoe baba. Si bustani ya Mama Ngina kula mihogo ya pilipili na ndimu, huko twaenda kila nikija. Nilitaka akae kwenye hoteli kubwa ya ufukweni, upande wa Nyali, anywe chai ya alasiri kama wageni wanavyoinywa: kitambaa cheupe mezani, buli la kauri, na kile kinara cha sahani tatu zilizopandana.

Nilikuwa na sababu. Baba alifanya kazi kwenye maghala ya chai Shimanzi kwa zaidi ya miaka 20. Aliyakuta makasha ya mbao, akayaacha ikiwa ni mifuko ya karatasi. Nilipokuwa mdogo alirudi jioni na vumbi la chai kwenye nyusi, na mama akalikung'uta shati lake uani kabla ya kulifua. Nyumba yetu ilinukia majani makavu, nami mpaka leo nikiisikia harufu hiyo namkumbuka akivua viatu mlangoni. Miaka yote hiyo aliwapakilia watu chai, na hakuna aliyewahi kumtilia yeye kikombe kwa heshima.

Basi tulikwenda. Alivaa kanzu ya Ijumaa na kofia yake iliyoshonwa kwa mkono. Kusi ilikuwa ikivuma, maji yakijaa, na mhudumu akamwita "mzee wangu" na kumvutia kiti. Sahani ya chini ilikuwa na sandwichi ndogo za tango, ya juu vikeki, na ya katikati skonzi. Sisi tukisema skonzi twakusudia ule mkate mdogo laini wa dukani unaouzwa kwa pakiti. Hii ya Kiingereza ni kitu kingine kabisa: nzito kidogo, hukatika kwa vidole, hupakwa jemu na krimu nzito. Baba alikula mbili. Nami nilizipenda, wala sitaki ziondolewe.

Kisha likaja buli. Baba akafunua kifuniko kabla ya kumimina, maana hawezi kukutana na chai asiitazame. Ndani vilielea vifuko viwili, nyuzi zimening'inia nje, na kwenye ncha zake vikaratasi vya kampuni ya Uingereza. Akakiinua kimoja kwa kijiko, akakiangalia kinavyochuruzika, akakirudisha polepole.

"Mwanangu, hii si ile tuliyokuwa tukiipakia?"

Sijaacha kulifikiria swali hilo. Mnada wa chai ulianza Nairobi mwaka 1956, ukahamishiwa Mombasa mwaka 1969, na leo chai ya Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na nchi nyingine huuzwa hapa, kwa dola. Waonjaji hupanga vikombe safu ndefu, hufyonza kwa kijiko mpaka sauti isikike, hutema, hutaja daraja na bei. Waingereza wenyewe huitia chai ya Kenya kwenye michanganyiko yao kwa ajili ya rangi na ukali wake. Inatoka bandari ya Kilindini, inavuka bahari, inatiwa kwenye vifuko, inapewa jina la watu wengine, kisha inarudi kwenye meza iliyo mwendo mfupi tu kutoka ghala ilimolala. Na sisi twailipia kama kitu cha ugenini. Hilo linaniuma.

Nimeambiwa wageni wanataka walichokizoea. Siamini. Mtu hapandi ndege akavuka bara zima ili aletewe kifuko kilekile alichokiacha kabatini kwake. Na chai ya alasiri yenyewe si kitu kigeni kwetu. Husemwa aliyeianzisha Uingereza ni Anna, mke wa Mtemi wa Bedford, miaka ya 1840, kwa kuwa chakula cha usiku kilichelewa naye njaa ikamshika mchana ukiisha. Njaa hiyo yajulikana Mji wa Kale pia. Ukitoka kuswali alasiri utakuta mtu ana kikombe barazani na bajia za moto kwenye karatasi.

Ninachokitaka si kikubwa. Buli lipewe majani mazima, yale yanayosokotwa bila kusagwa, kwa sababu ndiyo yanayofunguka taratibu ndani ya maji na kutoa harufu. Chai yetu iliyozoeleka, ya chembechembe, imesagwa na kukatwa ili iive upesi na kuwa kali; hiyo mahali pake ni sufuria, pamoja na maziwa, iliki na tangawizi. Hoteli iwe nazo zote mbili. Iwe pia na ile ya majani ya zambarau, ambayo watafiti wa Kericho waliitoa kwa wakulima mwaka 2011. Ukiitilia ndimu hugeuka rangi ya waridi mbele ya macho yako. Mgeni gani ataisahau hiyo? Na mhudumu afundishwe kusema majani yametoka kilima gani. Kando ya skonzi pakae vitumbua na katlesi, basi.

Kabla ya kuondoka nilimwomba mhudumu atuitie meneja. Akaja mama mmoja mtulivu. Sikumlalamikia, nilimwambia tu baba alikuwa akifanya kazi gani. Akavuta kiti, akaketi.

"Basi mzee wangu, ungekuwa wewe, ungeniwekea chai gani hapa?"

Baba akasogeza kinara pembeni, akakipangusa kijiko kwa kitambaa. "Kwanza maji, mwanangu. Yaje yakitokota, yasikae jikoni yakapoa. Ya maziwa nitafutie ile ya chembechembe, daraja la PF1, mpya, isiyozeeka ghalani. Ukiishika mkononi iwe nyeusi, isiwe na nyuzinyuzi. Sasa hii ya buli..." Meneja akatoa kalamu. Walikuwa bado wanazungumza adhana ya magharibi ilipoanza.