Nzige wakija tena, ulizeni rangi kwanza

Kila tetesi za nzige zikianza huku kaskazini mwa Tanzania, klipu zinazorushwa kwenye magrupu ya wasap ni zilezile: wingu linapita juu ya miti, mtu anapiga debe, sauti ya nyuma inasema mamilioni jamani mamilioni. Hakuna anayesogea akashika mdudu mmoja mkononi tuone rangi yake. Na kwangu mimi rangi ndio habari yenyewe. Wingi wa nini? Kundi la kilomita moja ya mraba tu linabeba nzige milioni 40 mpaka 80, utahesabu saa ngapi.

Iko hivi. Nzige wa jangwani wa kwenye makundi akitoka kwenye utunutu, yaani utoto wa bila mabawa, na kupata mabawa anakuwa pinki, na huyo bado hajakomaa, hana mayai. Anakula balaa halafu anasepa na upepo, kilomita 100 hadi 150 kwa siku anafika, kwa hiyo leo yuko Longido kesho ni kilio cha wilaya nyingine. Anaweza kukaa hivyo wiki chache au miezi, inategemea hali ya hewa na malisho, mvua zikishika majani yakaota ndio anakomaa, na hapo pinki inageuka njano. Ukiona njano basi ujue hawa hawapiti njia tu, wako tayari kuzaa, pengine hapohapo. Jike anazamisha mkia kwenye mchanga wenye unyevu anaacha fuko la mayai, na hataishia fuko moja. Kukiwa na joto, kama wiki mbili hivi yanaanguliwa.

Na dume ndio mwenye njano kali, jike yake imepoa. Hapa ndio panaponifurahisha. Kwenye msongamano ule madume wanaparamia chochote kilicho mbele yao, mpaka madume wenzao, hasara tupu. Watafiti walizima ile protini inayoleta njano, wakaona dume asiye na njano anaparamiwa na wenzake zaidi. Yaani njano inamwambia mwenzake mimi dume, nipishe. Nzige anayeishi peke yake porini hapati njano kali hiyo, atamwambia nani?

Februari 2021 walipoingia Longido, Siha na Simanjiro, shangazi yangu wa Sanya Juu alinipigia, nikamwamkia shikamoo shangazi, akasema marahaba mwanangu, wameshaondoka, Mungu mkubwa. Nikamuuliza walikuwa rangi gani? Akanijibu, "Rangi ya nzige, baba." Na simlaumu, maana hakuna aliyemwambia aangalie. Kama ni pinki, debe lake lilitosha kuwasogeza wakaende kusumbua wengine. Kama ni njano, kushangilia kwamba wameondoka ni mapema mno, huenda mayai unayo ardhini na tunutu watatoka wakitembea kwa miguu, weusi na njano, wanafyeka kila kijani. Uzuri pekee wa tunutu ni kwamba hawawezi kupaa, ukijua walipotagwa unawawahi na dawa kabla hawajaota mabawa.

Kwa hiyo hoja yangu ni ndogo tu, tangazo moja lenye picha tatu, tunutu, pinki na njano, libandikwe ofisi za kata na kwenye maduka ya pembejeo. Wataalamu wa afya ya mimea wapo hapahapa Ngaramtoni, sio kwamba tuagize mtu Ulaya.

(Sio nzige tu wenye mambo haya ya rangi na uzazi, yule mdudu wa kijani anayenuka kwenye maharage, nchi za baridi akisimamisha kuzaa winta ikiingia anageuka kahawia, akianza tena anarudi kijani.)

Najua kuna mtu atasema mkulima hana muda wa kukagua rangi ya mdudu anayemmalizia mahindi. Mkulima huyohuyo anamwangalia ng'ombe wake mara moja tu anajua yuko kwenye joto, anampigia mtu wa kumpandikiza mbegu mchana huohuo, leo ashindwe pinki na njano? Wakija tena shika mmoja, piga picha ya karibu, mchana, bila filta maana filta zinaweza kugeuza rangi, andika jina la kijiji na sehemu waliyotua, mtumie bwana shamba wako. Klipu ya wingu kaa nayo.