Treni ya Kuzunguka Meza Inachosha

Kila anayeanza kujenga reli ndogo nyumbani huanza na duara. Nami sikuwa mjanja kuliko wengine. Binamu yangu alirudi kutoka Uingereza na boksi: kichwa cha treni, mabehewa matatu, na vipande vya reli vilivyopinda ambavyo ukiviunganisha vinatoa umbo la yai. Nikaitandaza reli juu ya meza ya kulia chakula hapa Kireka, kando ya Kampala. Watoto wakapiga makofi, jirani akaja kuchungulia. Dakika kumi baadaye watoto walikuwa wamerudi kwenye katuni zao, nami nimebaki peke yangu natazama mabehewa matatu yakijifukuza.

Nikadhani tatizo ni udogo. Nikaagiza reli zaidi, nikaongeza kitanzi ili treni igeuke na kurudi ilikotoka. Hapo nikajifunza jambo ambalo ningelisoma kabla ya kutoa pesa: reli mbili za treni ya umeme ni kama nyaya mbili za betri, moja chanya, moja hasi. Ukiikunja njia ikajirudia yenyewe, chanya inakutana na hasi. Kidude cha kuendeshea kilitoa harufu ya plastiki inayoungua, mama watoto akauliza kutoka jikoni kama nimeacha pasi. Kipande cha njia kama hicho lazima kitengwe kwa viungio vya plastiki na kiwe na swichi yake. Mimi sikukitenga. Nilikipenda tu.

Maoni yangu sasa, baada ya miaka kadhaa na pesa ambazo sitazitaja kwa kuwa nyumbani makala haya yanasomwa, ni kwamba duara ni kupoteza nafasi. Jenga yadi, yaani mahali mabehewa yanapopangwa. Yadi moja, ndogo, yenye kazi.

Nimezaliwa kwenye landhi za reli, nyumba za wafanyakazi, huko Tororo, mashariki mwa Uganda. Pale njia inayotoka Malaba, mpakani na Kenya, inagawanyika: moja inaelekea Jinja na Kampala, nyingine inapanda kaskazini kwenda Soroti, Lira, Gulu hadi Pakwach. Sikumbuki sana treni zikipita. Ninachokumbuka ni mabehewa yakipangwa. Kichwa kinasukuma matano huku, kinaacha mawili, kinarudi kuchukua tangi, mlio wa kuungana unasafiri behewa hadi behewa mpaka mwisho wa mstari, na mtu mmoja mwenye bendera anatembea pembeni taratibu kana kwamba anayo siku nzima. Anayo kweli. Hiyo ndiyo reli: kulitoa behewa la saruji lililo katikati na kuliweka mbele bila kuvuruga mengine.

Raha hiyo inaingia kwenye ubao mmoja. Muingereza Alan Wright alibuni zamani yadi aliyoiita Inglenook Sidings, na sijaona kitu cha akili zaidi katika burudani hii. Njia tatu tu. Moja inabeba mabehewa matano, mbili zilizobaki zinabeba matatu kila moja, na njia ya kusogezea inatosha kichwa na mabehewa matatu, basi. Una mabehewa manane. Unachagua matano kwa bahati nasibu, na lazima uyapange kwa mfuatano uliotoka. Piga hesabu: nane mara saba mara sita mara tano mara nne, unapata treni 6,720 tofauti. Duara langu lilikuwa na treni moja.

Kwa kuchagua, natumia vizibo vya soda. Vinane, kila kimoja kina namba kwa rangi ya kucha ya binti yangu, ndani ya kikombe cha bati. Unatikisa, unatoa vitano, unavipanga mezani, unaanza.

Ujenzi wenyewe hauogopeshi. Ubao wa plaiwudi wa futi nane kwa nne, fundi akiupasua kwa urefu, unakupa vipande vinne vya upana wa futi moja. Kimoja kinatosha yadi yote kwa kipimo cha 1:87, yaani treni ndogo mara 87 kuliko ya kweli. Hakikisha fremu ya chini ni ya mbao zilizokauka. Yangu ya kwanza niliuziwa mbichi, mvua za Aprili zikaisha, ubao ukajikunja kama chapati, reli zikainuka katikati. Ardhi ni udongo mwekundu wa uani uliopitishwa kwenye chujio la chai, ukamwagiwa gundi nyeupe iliyochanganywa na maji na tone la sabuni ili ipenye. Nyasi ni vumbi la mbao lililotiwa rangi. Mwamba wa Tororo, maana lazima uwepo, ni magazeti yaliyolowekwa kwenye gundi, na unafanana na keki iliyoanguka. Siurekebishi tena.

Umeme ukikatika, sisi hatusimami. Treni hizi zinatumia volti 12 za mkondo mnyoofu (DC), na betri ya sola ni hiyohiyo. Niliweka kidhibiti cha mwendo kati ya betri na reli, pamoja na fyuzi, maana betri haina huruma kama kile kidude cha kwanza. Kwenye yadi mwendo wa kasi hauhitajiki hata kidogo. Adui wa kweli ni vumbi. Kitambaa chenye spiriti kila unapoanza, la sivyo kichwa kinasita kwenye pointi, pale njia zinapogawanyika, na unakisukuma kwa kidole, na hapo heshima yote imekwisha.

Kuna kitu kimoja ninachokionea haya. Reli yetu ya zamani, ile iliyofika Kampala mwaka 1931, ina upana wa mita moja, ambao kwa 1:87 ni karibu milimita 12. Niliyonayo mimi ni ya milimita 16.5, kwa sababu ndiyo inayouzwa kwa wingi na ndiyo iliyokuwa kwenye boksi. Hiyo ni reli pana, ya kipimo cha SGR. Nilijiambia hakuna atakayegundua.

Akaja mzee mmoja wa hapa mtaani, aliyekuwa gadi, mtu wa kusindikiza treni kwenye behewa la nyuma, tangu enzi za reli ya Afrika Mashariki, kabla haijavunjika mwaka 1977. Hakuketi. Akainama, akatazama, akasema, "Mwanangu, hii njia ni ya Wachina."

"Ni kweli, Mzee."

"Na gadi anapanda wapi?"

Sikuwa na behewa la gadi. Nilikuwa na tangi la mafuta, mawili ya saruji, la pamba, la ng'ombe na matatu ya makontena, lakini mtu wa kuisindikiza treni sikumfikiria. Akanieleza, bila haraka, kwamba treni isiyo na mtu nyuma ni ya wizi. Kisha akatoa vizibo. Nilizoea kumaliza kwa dakika kumi na tano. Yeye alikaa kimya muda mrefu, hakugusa chochote, halafu akaanza kuniamuru: vuta mawili, acha moja, rudi. Hakuna mwendo hata mmoja aliolazimika kuurudia.

Siku hizi huja kila Jumapili baada ya chakula, na tunagombana. Anataka niongeze njia ya nne kwa ajili ya behewa la gadi, kwa kuwa yadi isiyo na pa kuliweka si yadi. Mimi nasema ukiongeza njia ya nne unaua fumbo lote, hata mtoto atalimaliza. Ananijibu kwamba Tororo hapakuwa na fumbo, palikuwa na kazi. Nimemwambia anipe mpaka mwezi ujao. Ameshaleta kipande cha mbao, amekichonga behewa la gadi chenye ngazi ndogo ya waya nyuma, na amekiweka kwenye reli ya matatu, ambako sasa kinanizibia nafasi moja.