Bigo, Wachwezi na swali la nani wa kuaminiwa

Mwezi uliopita walimu wawili wa historia ninaowafahamu walikaribia kununiana kwa sababu ya kazi ya mwanafunzi mmoja wa sekondari. Binti huyo aliandika katika mradi wake kwamba mahandaki ya Bigo bya Mugenyi, kule Sembabule, Uganda, kando ya Mto Katonga, yalichimbwa na Wachwezi, watawala wa kale wa masimulizi yetu. Ushahidi wake ulikuwa babu yake. Mwalimu wa kwanza alimpa alama nyingi: mtoto amekwenda kwa mzee, ameandika alichosikia kwa masikio yake, hakunakili mtandaoni. Wa pili alitaka kazi irudishwe. Babu hakuwapo miaka 600 iliyopita, alisema, na wataalamu waliofukua pale hawakukuta jina la mtu yeyote. Wote wawili wakaniomba niamue, maana nami nafundisha somo hilohilo pamoja na Kiswahili. Siku ile sikuwa na jibu.

Ugumu wenyewe si mdogo. Tukizungumzia karne ya 11 hadi ya 16, miaka ambayo sehemu yake kubwa wenzetu wa Ulaya huiita zama za kati, sisi wa bara hatuna mwandishi hata mmoja. Pwani wanaye Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331 akaandika alichokiona. Huku kwetu, maandishi ya mgeni aliyefika mwenyewe katika majumba ya wafalme wa Buganda na Bunyoro yanaanza na Mwingereza Speke, aliyepita mwaka 1862. Katikati kuna pengo la zaidi ya miaka 500, na kinachoziba pengo hilo ni vitu viwili: vinywa vya watu na udongo.

Nianze na vinywa, kwa sababu ndivyo vinavyodharauliwa haraka. Anayedhani masimulizi ya kale ni hadithi za jioni tu aende Busiro, nje kidogo ya Kampala, akaone masiro, yaani makaburi, ya wafalme wa Buganda. Kabla ya Mutesa I, aliyezikwa Kasubi mwaka 1884, taya la kila Kabaka, yaani mfalme, lilihifadhiwa katika nyumba yake maalumu, nayo nyumba ikawa na walinzi waliorithishana kazi. Kabaka huhesabiwa ukoo wa mama yake. Kwa hiyo, mbali na ikulu, koo nyingi kila moja ilikuwa na sababu yake ya kukumbuka: binti yetu alizaa fulani, sisi tulitunza kaburi la fulani. Mtu mmoja akibadili orodha ya wafalme, wapo wengine wa kumpinga. Huo ni utaratibu wa kutunza kumbukumbu, na Apolo Kagwa aliutegemea alipowahoji wazee na kuchapisha historia ya Basekabaka, wafalme waliotangulia, mwaka 1901. Bila kazi ile tungekuwa maskini sana leo.

Lakini Kagwa alikuwa Katikkiro, waziri mkuu wa Buganda. Alikuwa upande ulioshinda vita vya dini, na alitia saini mkataba wa 1900 na Waingereza. Kitabu chake kilisomwa mashuleni, makanisani, majumbani, na kikageuka kipimo cha kila simulizi lililofuata. Miaka ya 1935 hadi 1937 ikatoka historia ya wafalme wa Bunyoro-Kitara katika Uganda Journal, chini ya herufi K.W. Mwandishi alikuwa Omukama, yaani mfalme wa Bunyoro, Tito Winyi mwenyewe. Wakati huo Bunyoro ilikuwa ikidai kaunti zake zilizochukuliwa na kupewa Buganda, dai ambalo halikufika kwenye kura ya maoni hadi 1964. Mwaka 1947 John Nyakatura akaandika historia yake ya Abakama. Simlaumu yeyote kati yao kwa kuipenda nchi yake. Ila ukale wa ufalme ulikuwa hoja mezani, na msomaji anayetaka ukweli lazima alijue hilo kabla hajahesabu vizazi.

Kuchapishwa kwa maneno na mgeni nako hakuyafanyi yawe kweli. Speke huyohuyo, katika kitabu chake cha 1863, alidai kwamba watawala wa ukanda huu walitokana na jamii ya weupe-weupe kutoka upande wa Ethiopia, kwa sababu hakuweza kuamini kwamba watu weusi wangejenga dola zenye mpangilio kama aliouona. Hakuwa na ushahidi, alikuwa na dhana tu. Dhana hiyo ikaingia vitabuni, ikabandikwa kwa Wachwezi, na mpaka leo nasikia wazee na vijana wakiniambia Wachwezi walikuwa warefu, weupe, wageni. Baadhi wanaamini wamerithi maneno hayo kutoka kwa mababu.

Mimi nililiona hili kwa macho yangu. Miaka kadhaa iliyopita nilikaa na mzee mmoja si mbali na Ntusi, mahali pengine pa kale karibu na Bigo. Alinikaribisha vizuri, akanisimulia Wachwezi kwa mpangilio wa ajabu: Ndahura, Mulindwa, Wamara, nani alimfuata nani, nani alikimbilia wapi. Niliandika kurasa saba. Nilipomuuliza jambo dogo kuhusu Wamara, akasita, kisha akamwambia mjukuu wake, "Niletee kile kitabu." Kijana akaja na kitabu cha shule kisicho na jalada, pembe zimekunjika, kimefungwa kwa uzi. Mzee akafungua ukurasa alioujua, akaniwekea kidole kwenye mstari. "Hapa, mwalimu." Hakuwa akinidanganya. Alikisoma akiwa kijana, akakisimulia miaka 50, kikawa chake. Lakini mimi nilikuwa nimesafiri kwenda kusikiliza shahidi wa pili, kumbe shahidi wa kwanza alikuwa amemtangulia nyumbani.

Sasa tuje kwenye udongo. Bigo imechimbwa na Peter Shinnie mwaka 1957, kisha na Merrick Posnansky mwaka 1960. Mahandaki yake ukiyaunganisha yanapita kilomita 10, na sehemu nyingine yana kina cha mita 4, yamekatwa hadi kwenye mwamba. Tarehe zilizopatikana zinaangukia karibu na karne ya 14 hadi ya 16. Ntusi, kusini kidogo ya hapo, ni ya zamani zaidi: watu walikuwa wamejaa pale tangu karne ya 11 hivi. Simulizi linaifanya Ntusi mji wa wafugaji watupu. Kwenye vilima vya takataka vya pale imekutwa mifupa mingi ya ng'ombe, ndiyo, lakini pia mawe ya kusagia na dalili za nafaka, pamoja na shanga chache za kioo na kauri za baharini zilizotoka pwani ya Bahari ya Hindi. Walilima na kufuga mahali pamoja. Mapokeo yanayotenga mfugaji na mkulima kama watu wa asili mbili tofauti hayajapata msaada kwenye takataka za Ntusi.

Mwenyeji wangu kule Ntusi aliwahi kunionyesha kigae kimoja cha chungu kilichofichuliwa na mvua. Upande wa ndani ulikuwa mweusi kwa moshi. Nje kulikuwa na mistari mifupi iliyolala upande, imebanana, na ukipitisha kidole unahisi mawimbi madogo. Hiyo ni alama ya kamba iliyosokotwa, ambayo mfinyanzi huiviringisha juu ya udongo kabla haujakauka. Mapambo ya namna hiyo yalienea ukanda huu kuanzia takriban miaka 1,000 iliyopita, na yapo mpaka leo kwa akina mama wafinyanzi. Kigae hicho hakikusoma kitabu chochote, hakina kaunti kinayoidai, wala hakina ukoo wa kuutetea. Mwenyeji akakirudisha palepale kilipokuwa, na alifanya vyema, kwa sababu kikitoka pale kinapoteza nusu ya maneno yake.

Hiyo nusu ya maneno si jambo dogo. Kichwa cha udongo cha Luzira, kilichopatikana katika eneo la gereza mwaka 1929, kimo British Museum huko London. Ni kitu cha kushtua kwa uzuri wake, na kwa miongo mingi wataalamu walibaki wakikisia umri wake, kwa sababu mazingira kilimokutwa hayakuandikwa kwa undani unaotosha. Mwaka 2024 chuo kikuu cha Cambridge kilituletea vitu 39 kwa mkopo wa miaka mitatu. Nilifurahi, na bado nafurahi. Lakini kitu kilichotoka mikononi mwa wenyewe bila kuandikwa nani alikitumia na kwa kazi gani, hata kikirudi, hurudi kikiwa bubu kwa sehemu.

Tena udongo unachagua cha kutunza. Hutunza chungu, chuma, mfupa, shanga. Lubugo (nguo ya magome ya mti), vikapu, ngozi, nyumba za matete, ngoma, vyote huoza. Anayeandika maisha ya karne ya 14 kwa kutegemea uchimbaji peke yake ataandika juu ya watu wasio na nguo. Na kipimo cha umri kwa kaboni hakitoi mwaka, hutoa kipindi, mara nyingi cha karne nzima au zaidi. Mtu anayesema Bigo ilichimbwa mwaka 1400 kamili amejiongezea uhakika ambao mkaa haukumpa.

Wanaoamini uchimbaji kuliko kitu kingine wakumbuke pia yaliyotokea pwani. Historia ya zamani ya Kilwa, iliyotungwa kutoka mapokeo, inamtaja Ali bin al-Hasan kama mfalme wa kwanza. Neville Chittick alichimba Kilwa miaka ya 1960, akaona sarafu zenye jina hilo, akaamua kwamba masimulizi yamemrudisha mtu huyo nyuma mno: akamweka karibu na mwaka 1200. Ilikuwa hoja nzuri. Kisha mwaka 1984 ikapatikana hazina ya sarafu zaidi ya 2,000 huko Mtambwe Mkuu, Pemba. Humo mlikuwa na jina lilelile, pamoja na dinari za kigeni ambazo ya mwisho ni ya mwaka 1066. Ali akarudi karne ya 11, karibu zaidi na mapokeo kuliko na mchimbaji wa kwanza. Udongo ulisahihishwa na udongo, na wazee waliodhaniwa wamezidisha hawakuwa mbali.

Kwa hiyo swali la walimu wangu wawili, mzee au udongo, naona limeulizwa vibaya. Hakimu mzuri hamuulizi shahidi kama ni mtu mwema kisha akamwamini kwa yote. Humuuliza alikuwa wapi na alijuaje. Akiwa na mashahidi wawili wanaosema jambo moja, huuliza kama walikaa pamoja kabla ya kuja mahakamani. Hapo ndipo utafiti wetu unapovuja.

Chukua Biharwe, kwenye barabara ya Masaka kwenda Mbarara. Simulizi la ufalme wa Nkore linasema jeshi la Bunyoro lilipora ng'ombe, jua likazimika mchana, Wanyoro wakakimbia na kuacha mifugo. Wataalamu wakalinganisha na hesabu za wanajimu, wakakuta kupatwa kwa jua mwaka 1520, na leo pana mnara wa kumbukumbu. Naipenda simulizi hiyo na naamini watu wale waliona jua likizimika. Lakini mwaka 1520 ulichaguliwa kati ya kupatwa kwa jua zaidi ya kumoja kwa sababu ulipatana na hesabu ya vizazi, takriban miaka 27 kwa kila kizazi. Kisha vizazi vikapangwa upya kwa kuutegemea mwaka 1520. Mashahidi hawa wawili wanashikana mikono, na ukimwondoa mmoja, mwingine anayumba.

Linganisha na Kibiro, kando ya Ziwa Albert. Wanawake wa pale hutandaza udongo mkavu juu ya ardhi yenye chumvi, wakaukusanya ukishanyonya, wakauchuja kwa maji na kuyachemsha. Bustani za chumvi hurithiwa na wanawake, na wanasema ni kazi ya tangu mababu. Graham Connah alichimba pale mwaka 1989 na 1990, akakuta tabaka nene za mabaki ya kazi hiyohiyo, za miaka 700 au zaidi. Mchimbaji hakuhitaji maneno ya akina mama ili kupata tarehe, nao hawakusoma ripoti yake ili wajue kuchemsha chumvi. Hapo naweka uzito wangu wote.

Vya kusoma vipo kuliko tunavyodhani. Maktaba ya Uganda Society imo ndani ya Jumba la Makumbusho, barabara ya Kira, na matoleo ya Uganda Journal yameskaniwa na Chuo Kikuu cha Florida, yanasomwa bure hata kwa simu. Makala nyingi mpya za uchimbaji zimefungiwa nyuma ya malipo ya dola ambayo mshahara wa mwalimu hauwezi, na naliona hilo kuwa dhuluma, kwa kuwa udongo uliochimbwa ni wetu. Nimewahi kumwandikia mtafiti moja kwa moja akanitumia nakala siku ileile. Wengi wako hivyo.

Kuhusu yule binti, niliwaambia wenzangu kazi yake isirudishwe na isipewe alama zote. Arudi kwa babu na swali moja: "Babu, hili ulilisikia kwa nani kabla hujalisoma?" Najua swali hilo hufungua mlango, kwa sababu nililiuliza kwa yule mzee wa Ntusi baada ya kitabu kufungwa. Alinyamaza kitambo. Kisha akasema bibi yake hakuwahi kumtaja Ndahura wala Wamara. Alichowaambia ni kwamba mbuzi wasipelekwe kulisha kwenye handaki moja, upande wa mtoni, na kwamba alikatazwa hivyo na bibi yake pia. Sababu hakuijua. Niliandika hayo kwenye ukurasa wa nane, na tarehe.