Sida, njaa na kifua kikuu: ubishi wa Goma una haki wapi?

Goma, mashariki mwa Kongo, bado kuna watu wasiokubali kwamba Sida (Ukimwi) inaletwa na virusi. Hoja yao ni hii: tuna miaka thelathini ya vita, watu wamelala na njaa kwenye mahema, maji ni ya shida, mtu akikonda na kukohoa, ya nini kutafuta mdudu wa kumsingizia? Hoja hii siidharau, maana nusu yake iliwahi kutetewa na wanasayansi wenyewe.

Mwaka 1985 OMS, yaani Shirika la Afya Duniani, ilikutanisha wataalamu Bangui, mji mkuu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati. Hospitali nyingi za Afrika hazikuwa na kipimo cha damu, kwa hiyo wakaweka dalili za kutazama kwa macho. Mtu mzima aliyepungua zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake, akawa na homa kwa zaidi ya mwezi, na juu ya hapo anakohoa mfululizo, aliweza kuandikwa mgonjwa wa Sida. Sasa mfikirie mgonjwa wa kifua kikuu ambaye makohozi yake hayajapimwa: nguo zinampwaya, homa inampanda kila jioni, kikohozi hakimwachi alale. Dalili zote anazo, na huenda damu yake haina virusi hata kimoja. Kweli, wataalamu wale walitaka utapiamlo mkali uondolewe kwanza, lakini muuguzi aliye peke yake kijijini angeuondoa kwa kutumia nini?

Na si Afrika tu. Mwaka 1993 Marekani iliamua kwamba mwenye virusi akiwa na chembe za CD4, yaani chembe za kinga ya mwili, chini ya 200 katika tone dogo la damu (milimita moja ya ujazo) ana Sida, hata kama hajaugua. Ulaya ilikataa kigezo hicho. Mtu yuleyule angehesabiwa New York, na Paris asihesabiwe. Anayesema hesabu za zamani zilikuwa na walakini, hajakosea.

Kosa linaanza pale mtu anapotoka kwenye swali la nani ahesabiwe na kurukia swali la nini kinaua. Peter Duesberg, profesa wa Berkeley, aliandika mwaka 1987 kwamba virusi hivi havina madhara. Baadaye akalaumu madawa ya kulevya, utapiamlo na hata AZT, dawa ya kwanza ya kutibu Sida. Thabo Mbeki, aliyekuwa rais wa Afrika Kusini, aliwapa watu wa mawazo hayo nafasi. Mwaka 2008 watafiti wa Harvard walikadiria kwamba kuchelewesha dawa Afrika Kusini kuligharimu maisha ya watu zaidi ya 330,000.

Na majibu yalikuwepo. Uingereza ilikuwa na wagonjwa wa hemofilia, watu ambao damu yao haigandi, wote wakitibiwa kwa bidhaa za damu. Wengine walipata virusi kupitia bidhaa hizo, wengine wakanusurika. Utafiti wa 1995 ulionyesha kwamba kwa wenye hemofilia kali, vifo vya walioambukizwa vilipanda karibu mara kumi, na vya wenzao havikubadilika. Kwetu sisi, ushahidi wa Masaka, Uganda, uliotolewa 1994, una uzito zaidi: vijiji vilevile, chakula kilekile, malaria ileile, lakini vijana wenye virusi walikufa kwa wingi zaidi kuliko wenzao. Hoja ya njaa inaishia hapo.

Kuhusu dawa kuwa sumu, mwaka 2006 utafiti uliohusisha watu zaidi ya 5,000 ulilinganisha walioendelea kumeza ARV, yaani dawa za kudhibiti virusi, na waliozisimamisha kwa vipindi. Kama dawa ndiyo inayoua, waliozisimamisha wangepona. Kumbe ndio waliougua au kufa kwa wingi, zaidi ya mara mbili ya wenzao.

Umaskini hauzai virusi, lakini unaamua nani atafikiwa na dawa. Goma ilipotekwa Januari 2025, uwanja wa ndege ukafungwa, na mwezi uliofuata kambi zikavunjwa. Mtu aliyeondoka kambi ya Bulengo na godoro kichwani aliacha nyuma pia kituo alichokuwa akichukulia vidonge. Huyo hasaidiwi na mtu wa kumwambia ugonjwa wake ni njaa tu. Anahitaji dawa ya miezi kadhaa kwa mkupuo, chakula cha kumezea, na akikohoa zaidi ya wiki mbili, apimwe makohozi na damu siku hiyohiyo, asiandikwe kwa kutazamwa usoni.