Ugumu wa gemu: unafundisha au unachosha?

Gemu ya mapigano ya upanga, Sekiro: Shadows Die Twice, ilipotoka mwaka 2019, haikumpa mchezaji nafasi ya kuchagua kiwango rahisi. Ukikwama kwa bosi, yaani adui mkuu anayekuzibia njia, ama unajifunza ama unaacha. Mwisho wa mwaka huohuo ikatwaa tuzo ya gemu bora ya mwaka katika The Game Awards. Wapo walioiacha njiani kwa hasira, na wapo wasioisahau siku waliyomwangusha bosi wake wa mwisho.

Wanaotetea ugumu wana hoja nzito. Utamu wa Sekiro uko katika kukinga upanga wa adui kwa wakati wake hasa, pigo baada ya pigo, mpaka ayumbe. Bosi angekuwa mlegevu, mchezaji angebonyeza pedi hovyo mpaka mwisho, na kitu kizuri kuliko vyote ndani ya gemu hiyo kingempita. Mtunzi wake, Hidetaka Miyazaki, amewahi kueleza kwamba anataka wachezaji wote wakabili changamoto ileile, ili furaha na mazungumzo yao yawe ya kiwango kimoja.

Lakini si kila ugumu una kazi hiyo. Mashine za gemu za kutumbukiza sarafu za miaka ya 1980 zilikuwa na sababu ya kibiashara ya kukuua upesi: ukifa, unatumbukiza sarafu nyingine. Super Mario Bros. 2 iliyotoka Japani mwaka 1986 ilikuwa na uyoga wa sumu, na milango ya siri ambayo ukiigundua inakurudisha nyuma. Huo ni mtego tu. Anayenaswa hatoki na ujuzi, anatoka na kinyongo.

Kwa hiyo mimi huuliza mambo mawili: je, mchezaji anajua kwa nini amekufa, na inamchukua muda gani kurudi pale alipofia? Celeste, gemu ya kuruka ya mwaka 2018, inaua mno, lakini ukianguka unarudi papo hapo, kwenye chumba kilekile, kosa lako likiwa bado kwenye vidole. Hasira haipati muda wa kukomaa.

Dark Souls ya mwaka 2011 inakitikisa kipimo hiki. Ukifa pale, roho ulizokusanya, ambazo ndizo fedha ya gemu hiyo, zinabaki chini, na ukifa tena kabla ya kuzifikia zimepotea moja kwa moja. Kurudi ni safari. Hata hivyo, ondoa hasara hiyo na hofu yote inayeyuka. Kila kona ya giza inakuwa ukuta wa kawaida. Nakubali, hasara ina kazi yake. Ila safari ile ukishairudia mara nyingi, huwaogopi tena maadui wa njiani, unawapita mbio tu. Watunzi haohao, walipotengeneza Elden Ring ya mwaka 2022, waliweka sanamu ndogo karibu na mabosi wengi ili mchezaji afufukie hapohapo. Hasara wakaibakiza, mwendo wakaupunguza. Gemu haikupoa hata kidogo.

Linabaki suala la msaada. Celeste inakuruhusu kupunguza kasi, hata kutokufa kabisa. Wanaopinga wanasema mtu akijua kuna njia ya mkato ataishika dakika chache kabla ya kuelewa, na furaha ambayo ilikuwa inakuja itamkosa. Hilo hutokea, sibishi. Lakini hoja hiyo inadhani mikono yote ni sawa. Yupo ambaye vidole vyake havitafika kwa wakati hata akirudia mwaka mzima, na kwake ukali wa Sekiro haufundishi lolote. Mpe mtu huyo Celeste kwa asilimia 70 ya kasi: bado anaruka mwenyewe, anaanguka mwenyewe, na anajua kwa nini ameanguka.