Barua zipo, programu ndiyo haizioni

Diski yangu ilianza kukwaruza kama ukucha juu ya bati. Nikajua siku zake zimekwisha. Nikanakili nilichoweza kwenye diski ya nje, nikafunga mpya, nikasakinisha mfumo upya. Picha zikarudi, nyaraka zikarudi. Nikafungua Thunderbird, programu yangu ya barua pepe, nikakaribishwa kama mgeni: weka jina lako, weka anwani yako. Barua za miaka 11, halafu naulizwa mimi ni nani!

Anayetumia IMAP, njia ya kupokea barua inayoziacha kule kule, hana haja ya kutoka jasho hapa. Barua zake ziko kwenye seva, yaani kompyuta ya mtoa huduma. Akiingiza nenosiri zinajishusha zenyewe, isipokuwa zile alizozihamishia kwenye folda za ndani ya kompyuta, ambazo seva haizijui tena. Mimi nilikuwa mtu wa POP3: programu inazishusha barua na, usipoikataza, inazifuta kule zilikotoka. Nakala pekee ilikuwa yangu.

Na hapo ndipo nina ugomvi na watengenezaji. Kwenye Windows, Thunderbird huweka barua ndani ya AppData, folda iliyofichwa. Mtu ananakili Nyaraka, ananakili Picha, anajipongeza, kumbe barua kaziacha kwenye diski inayokata roho. Mimi niliokoka kwa bahati tu, maana nilikuwa nimebeba folda nzima ya mtumiaji, vilivyofichwa vikiwemo.

Bahati hiyo nusura niichezee. Ndani ya nakala nilikuta faili mbili mbili: Inbox na Inbox.msf, Risiti na Risiti.msf. Zile zisizo na kiambishi nikaziona takataka, nikarudisha zenye .msf. Hakuna folda hata moja iliyotokea. Kwa kukata tamaa nikaifungua ile Risiti isiyo na .msf kwa kihariri cha maandishi cha kawaida, na barua zikamwagika mbele yangu: mstari unaoanza na From, tarehe, mtumaji, kisha maneno yenyewe, kisha From nyingine. Huo ni mtindo wa mbox, wa tangu Unix, mfumo endeshi wa kompyuta, ya miaka ya 1970. Faili ya .msf ni faharasa tu. Ukiifuta, programu inaitengeneza upya.

Ndiyo maana siuamini sana mtindo wa PST wa Outlook, programu ya barua ya Microsoft, hata kama unabebeka kirahisi kwa kuwa kila kitu kimo kwenye faili moja. Mbox naisoma hata kama programu iliyoiandika imekufa. PST ukiifungua kwa kihariri unaona herufi zisizosomeka. OST, faili nyingine ya Outlook, ndiyo usiihesabu kabisa kama nakala rudufu: ni kivuli cha kilichoko kwenye seva, kimefungamana na akaunti iliyokizaa, na Outlook ya kompyuta nyingine haitakufungulia hivi hivi.

Nikafunga Thunderbird (ikiwa wazi usiguse kitu), nikaweka zile faili zisizo na kiambishi ndani ya Local Folders ya wasifu mpya (wasifu ni folda inayobeba barua na mipangilio yako yote), nikaiwasha. Folda zikajipanga moja baada ya nyingine. Baadaye niligundua ningeweza kurudisha wasifu mzima wa zamani kupitia ukurasa wa about:profiles, nikapata na vichujio, kitabu cha anwani na manenosiri kwa mpigo mmoja, mradi toleo la programu lisiwe la zamani kuliko lile la mwanzo. Leo ningeanzia huko.

Folda moja tu ilinikesha. Ilikuwa folda ndogo ndani ya nyingine, na hizo hukaa kwenye saraka yenye jina linaloishia .sbd, ambayo nilikuwa nimeiruka. Nilipoirudisha, barua ya juu kabisa ilikuwa ya siku moja kabla diski haijaanza kukwaruza. Sijaijibu hadi leo.